Vyumba vya Hoteli za Kifahari kwa Bei ya Mnada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa harusi na mahafali unapokaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. Huyu anatoka Dar kuja Marekani kwa mara ya kwanza, yule anatoka Minneapolis kwenda harusini Dallas, na mwingine amemsikia shemeji yake akisimulia jinsi alivyolala hoteli ya nyota nne katikati ya Chicago kwa bei ya gesti ya kando ya barabara. Nimeyapanga hapa, kuanzia ya msingi hadi yanayojitokeza kwa nadra. Mengi yanahusu Marekani, maana huko ndiko mtindo huu ulikozaliwa na ndiko ulikokomaa.

## Mambo ya msingi

Mnada wa vyumba vya hoteli ni kitu gani hasa?

Ukienda soko la samaki la Feri pale Dar es Salaam, dalali ananadi fungu la samaki na wanunuzi wanapandishiana bei mpaka abaki mmoja. Mnada wa vyumba uliovuma Marekani ulikwenda kinyume chake: mnunuzi ndiye aliyetaja bei, na wenye hoteli wakaikubali au wakaikataa kimyakimya. Hukumwona mshindani wako.

Kampuni iliyoueneza ni Priceline. Ilianzishwa na Jay Walker na ikafungua tovuti yake Aprili 1998, kwanza kwa tiketi za ndege, kisha mwaka huohuo ikaingiza vyumba vya hoteli. Mtindo wenyewe uliitwa Name Your Own Price, yaani taja bei yako mwenyewe. Agosti 1998 Walker alipata hataza namba 5,794,207 kwa wazo hilo, na tovuti ya safari ya Expedia, wakati huo ikiwa mali ya Microsoft, ilipoleta huduma ya kufanana nayo mwaka 1999, Priceline ilikwenda mahakamani.

Ulichagua mji, tarehe, eneo la mji na idadi ya nyota, ukaandika bei yako na namba ya kadi. Hoteli yoyote ikikubali, kadi ilikatwa papo hapo, na hapo ndipo jina la hoteli lilipojitokeza kwenye skrini. Kurudisha fedha hakukuwepo.

Hiyo ya kutaja bei bado ipo?

Hapana, na watu wengi wanapoteza muda kuitafuta. Kwa upande wa ndege iliondolewa 2016, na huduma zilizobaki zikafuata miaka iliyofuatia. Kilichobaki ni nusu ya wazo lile: jina la hoteli limefichwa, ila bei anataja muuzaji. Priceline wanaziita Express Deals. Hotwire, iliyoanzishwa mwaka 2000 na leo iko chini ya Expedia, wanaziita Hot Rate. Kuna pia Pricebreakers za Priceline, ambapo unaonyeshwa hoteli tatu kwa majina na unalipia bila kujua utapewa ipi kati ya hizo. Katika majibu yanayofuata nitaziita zote ofa za siri.

Mnada wenyewe wa kupanda dau haujafa. Umehamia kwingine, na nimeueleza katika sehemu ya mwisho.

Kwa nini hoteli ya kifahari ikubali kuuza chumba rahisi hivyo?

Kwa sababu chumba kisicholala mtu usiku wa leo hakiuziki kesho. Muuza samaki wa Feri analijua hilo kuliko profesa yeyote wa biashara: saa kumi jioni changu waliobaki bei yao si ile ya saa mbili asubuhi. Hoteli yenye vyumba 400 tayari imeshalipa umeme, mishahara na riba ya benki. Mgeni mmoja zaidi anaiongezea gharama ya kufua mashuka, sabuni na dakika chache za mhudumu wa usafi, basi.

Lakini hoteli haiwezi kubandika mlangoni kwamba chumba ni dola 95. Mgeni aliyelipa dola 260 jana angetaka maelezo, na kampuni zenye mikataba ya mwaka mzima zingedai bei zishushwe. Kwa hiyo inauza kwa sharti moja: jina lisitajwe mpaka fedha iingie. Wewe ambaye hujali ni hoteli gani alimradi ni nzuri, unapewa punguzo. Mfanyabiashara anayetaka hoteli fulani, mtaa fulani, na ruhusa ya kughairi dakika ya mwisho, anaendelea kulipa bei kamili.

Nyota wanazoandika zimetolewa na nani?

Na tovuti yenyewe. Kenya, Tanzania na nchi jirani hoteli hupangwa madaraja kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ukaguzi hufanywa na mamlaka za serikali. Marekani hakuna chombo cha serikali kinachogawa nyota. Shirika la wenye magari la AAA linatoa almasi zake, Forbes Travel Guide inatoa nyota zake, na kila tovuti ya kuuza vyumba ina hesabu yake.

Ndiyo maana hoteli moja inaweza kuwa nyota nne huku na tatu na nusu kule. Uzoefu wangu ni kwamba nyota nne katika miji mingi ya Marekani ni hoteli kubwa ya mikutano: safi, imara, haina cha kumsimulia mtu. Anayetaka ufahari anaoufikiria aanzie nyota nne na nusu.

Enzi za kutaja bei, watu walipandishaje dau bila kukwama?

Swali hili huulizwa na vijana waliosikia hadithi tu, na nalijibu kwa raha. Dau likikataliwa, ulitakiwa usubiri saa 24 au ubadilishe kitu katika ombi lako: tarehe, nyota, au eneo. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Tuseme unataka nyota nne katikati ya mji, na unajua kuwa eneo la uwanja wa ndege halina hoteli hata moja ya nyota nne. Ulianza na katikati ya mji kwa dola 55. Ikikataliwa, uliongeza eneo la uwanja wa ndege na kupandisha hadi 62. Mfumo uliona ombi jipya, lakini hatari ya kutupwa uwanja wa ndege haikuwepo, kwani huko nyota nne hazikuwepo. Kila eneo la namna hiyo lilikuwa dau moja la bure.

Nakumbuka usiku mmoja wa Februari nikiwa mezani na daftari la mistari, nimechora jedwali la maeneo ya Chicago na kuweka alama yasiyo na nyota nne. Dola 55, hapana. Dola 62, hapana. Dola 68, skrini ikakaa nyeupe kwa muda, kisha likatokea jina la hoteli iliyo hatua chache kutoka mtoni. Mke wangu alikuwa amelala. Nilimwamsha. Siku tuliyofika, bawabu mwenye glavu za ngozi alitufungulia mlango wa gari letu lenye chumvi ya barabarani mpaka madirishani, akatuita kwa jina la ukoo, na alilitamka sawasawa.

## Kabla ya kulipa

Nitajuaje kuwa bei ninayoona ni nafuu kweli?

Linganisha jumla kwa jumla. Bei kubwa inayong'aa mara nyingi ni ya usiku mmoja kabla ya kodi. New York, kwa mfano, chumba kina kodi za asilimia 14.75 na juu yake dola 3.50 kwa usiku. Chumba cha dola 140 kinakuwa dola 164.15. Chukua jumla ya mwisho kabisa, ile iliyo juu ya kitufe cha kulipa, uiweke pembeni ya jumla ya hoteli ya hadhi ileile inayouzwa kwa jina lake.

Halafu ongeza vitu ambavyo hoteli ya kifahari haikupi bure. Inashangaza wengi, lakini Marekani hoteli za bei ya kati ndizo zinazotoa kifungua kinywa na maegesho bila malipo, huku za kifahari zikikutoza vyote viwili. Katikati ya Chicago au San Francisco kumwachia mhudumu gari kunaweza kuzidi dola 50 kwa usiku. Familia ya watu wanne yenye gari inaweza kulipa zaidi kwa "punguzo" la nyota tano kuliko kwa hoteli ya nyota tatu yenye mayai na chai mezani.

Kipimo changu ni robo. Ofa ya siri isiponipunguzia angalau robo ya jumla, nanunua chumba chenye jina na ruhusa ya kughairi.

Na ile ada ya rizoti ninayoisikia Las Vegas?

Ni ada ya lazima ya kila usiku inayodaiwa kuwa ya intaneti, bwawa na mazoezi, utumie usitumie. Kwa miaka mingi ilikuwa mtego, maana ilijitokeza mapokezini baada ya kulipa. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, inawataka wauzaji wa malazi waonyeshe bei yenye ada zote za lazima tangu mwanzo. Ada yenyewe haikufutwa, na sehemu yake bado unaweza kuilipa mapokezini. Tafuta mstari unaosema ni kiasi gani umeshalipa na kiasi gani utalipa ukifika.

Naweza kuitambua hoteli kabla ya kulipa?

Mara nyingi, ndiyo, na hii ndiyo kazi inayostahili jioni yako yote. Tovuti inaficha jina lakini lazima ikuonyeshe kitu cha kukushawishi, na kila inachokuonyesha ni alama ya wayo.

Anza na alama za wageni. Ofa ikisema nyota nne na nusu, alama 8.7, eneo la katikati ya mji, fungua orodha ya kawaida ya tovuti ileile, chuja kwa eneo hilo na nyota hizo, kwa tarehe zilezile. Pengine hoteli kumi zinabaki, na zenye alama 8.7 ni mbili. Kisha tazama orodha ya huduma: bwawa la ndani, spa, wanyama wanaruhusiwa, basi la uwanja wa ndege. Hoteli yenye bwawa la ndani katikati ya New York si jambo la kila kona. Las Vegas, kiasi cha ada ya rizoti chenyewe kinaweza kukupa jina, kwa sababu kila hoteli ina kiwango chake.

Angalia pia bei ya awali iliyokatwa kwa mstari. Ikiwa ofa inadai punguzo kutoka dola 312, tafuta nani anauza kwa dola 312 tarehe hizo.

Kuwa mkweli na nafsi yako hapa. Kama umepata majina mawili na moja hulitaki kabisa, chukulia kuwa utapewa hilo. Mimi nalipa pale tu ninapoweza kulala kwa amani katika yoyote iliyobaki kwenye karatasi.

Maeneo kwenye ramani ni makubwa mno. Nichague vipi?

Tafuta ukingo mbaya kuliko wote wa eneo lililochorwa, kisha jiulize kama ungekubali kulala pale. Eneo moja linaweza kuanza mtaa wenye maduka na kuishia chini ya daraja la barabara kuu. Aliyekuja bila gari apime kutoka ukingo huo hadi kituo cha treni kilicho karibu. Neno "uwanja wa ndege" nalo lina mitego, kwa sababu hoteli inaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kwenye jengo la abiria na isiwe na basi.

Ni wakati gani bei hushuka zaidi?

Wakati wageni wa kawaida wa mji hawapo. Mitaa ya mabenki hujaa Jumatatu hadi Alhamisi, hivyo wikiendi hupoa. Las Vegas ni kinyume: Jumanne rahisi, Jumamosi moto. New York hushuka Januari na Februari, pilikapilika za mwaka mpya zikiisha, na hupaa Septemba wakati Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linapokutana. Washington hupoa Agosti, Bunge likiwa mapumzikoni, na hupanda mwishoni mwa Machi maua ya micheri yanapochanua. Boston epuka wiki za mahafali mwezi Mei, isipokuwa kama mhitimu ni wenu.

Ufahari wa bei rahisi kuliko wote niliouona uko Scottsdale, Arizona, kati ya Juni na Agosti. Joto linapita nyuzi 40, wachezaji gofu wamekimbia, na rizoti za nyota tano zinatafuta mtu wa kukaa bwawani. Miami nayo hushuka Agosti na Septemba, lakini huo ni msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi Novemba. Usikutanishe msimu huo na ofa isiyorudisha fedha kama huna pa kuegemea.

Kabla ya yote, andika jina la mji na tarehe zako uone kama kuna maonyesho makubwa. Wiki ya maonyesho ya teknolojia ya CES kila Januari, hata hoteli za pembeni za Las Vegas hujiona za kifalme.

## Malipo, kadi na tarehe

Nikighairi narudishiwa?

Hapana. Hilo ndilo ulilokubali ili upewe punguzo. Wengi hunitajia kanuni ya saa 24 ya Marekani, inayokuruhusu kughairi ndani ya saa 24 tangu ununue. Kanuni hiyo ni ya tiketi za ndege. Hoteli haizihusu.

Wengine hukimbilia benki kupinga malipo. Ukibadilisha mawazo tu, benki itauliza tovuti, tovuti itatuma ukurasa uliokubali masharti, na utashindwa. Pingamizi linafaa pale ambapo hukupewa ulichonunua. Bima ya safari inaweza kusaidia kwa ugonjwa au msiba, lakini soma sababu zilizoandikwa moja baada ya nyingine. Visa kukataliwa mara nyingi haimo.

Sijapata visa bado, lakini ofa ni nzuri sana. Nilipie?

Usilipe. Serikali ya Marekani yenyewe inawaambia waombaji wasikamilishe mipango ya safari kabla ya kupata visa. Kama unataka kitu cha kuonyesha mpango wako, weka chumba cha kawaida chenye ruhusa ya kughairi. Ofa nzuri zitakuwepo siku utakapopewa pasipoti yako.

Kwa nini unasisitiza tarehe kila mara?

Kwa sababu imetuumiza nyumbani. Binamu yangu aliniandikia kutoka Arusha kwamba anafika "6/5", usiku tatu. Nilikuwa nimeshaishi Marekani miaka ya kutosha kusoma mwezi kwanza, nikanunua kuanzia tarehe 5 Juni. Yeye alimaanisha tarehe 6 Mei. Tuligundua akiwa foleni ya uhamiaji, akinipigia kuuliza jina la hoteli. Usiku tatu, dola mia nne na zaidi, zikaenda na maji, na siku ile alilala kwenye kochi langu baada ya saa tatu za gari.

Tangu hapo mtu akinitumia tarehe namrudishia kwa maneno, pamoja na jina la siku: Jumatano tarehe 6 Mei kuingia, Jumamosi tarehe 9 Mei kutoka. Sigusi kadi mpaka ajibu "ndiyo".

Naweza kulipa kwa kadi ya M-Pesa?

Kununua kwenye tovuti kunaweza kukubali. Kwa Kenya, kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay, iliyoanza 2022, imetengenezwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi. Tatizo linakusubiri mapokezini. Hoteli inataka kadi ya plastiki yenye jina lako ili ishikilie kiasi fulani cha dhamana, na kadi iliyo ndani ya simu haina cha kukabidhi. Hoteli nyingi pia hazipokei kadi za kujaza fedha kabla.

Ukitumia kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, dhamana itashikilia fedha zako halisi, na kuachiliwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka. Njoo na salio la ziada, au uwe na kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana tu.

Dada yangu yuko Marekani. Anaweza kuninunulia yeye?

Anaweza, mradi sehemu ya jina la mgeni aandike lako, kama lilivyo kwenye pasipoti. Jina likishaingia kwenye ofa ya siri, kulibadilisha ni kubembeleza tu. Ukifika utaonyesha pasipoti, na dhamana itatakiwa kwenye kadi yako (tazama jibu lililotangulia). Mwenye umri chini ya miaka 21 aulize kwanza, hasa Las Vegas, kwani hoteli nyingi hazimwandikishi peke yake.

## Ukifika hotelini

Watanipa chumba kibaya kwa kuwa nimelipa kidogo?

Inatokea. Mpokeaji wageni anaona kwenye kompyuta yake umetoka tovuti gani, na vyumba vya karibu na lifti lazima apewe mtu. Dawa ni simu. Baada ya kulipa na kupata jina la hoteli, subiri siku moja, piga moja kwa moja hotelini, omba kwa upole: ghorofa ya juu, mbali na lifti, kitanda cha aina fulani. Ombi si haki yako, ila limeandikwa kabla hujafika. Ukifika, salamu nzuri na maneno "tumekuja harusini kwa mdogo wangu" vimeniletea vyumba ambavyo fedha yangu isingeninunulia.

Tuko wanne, watoto wawili. Inafaa?

Ofa ya siri kwa kawaida inakuhakikishia chumba cha watu wazima wawili, si vitanda viwili. Unaweza kupewa kitanda kimoja kikubwa na hoteli ikawa imetimiza wajibu wake. Andika idadi kamili unapotafuta, na kama watoto wamepita umri wa kubanana na wazazi, nunua chumba kinachotaja vitanda viwili kwa maandishi. Hapa sichezi bahati.

Ndege yangu inafika alfajiri. Nilipie usiku upi?

Ndege ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York huondoka karibu na usiku wa manane na kufika asubuhi na mapema. Vyumba hufunguliwa 3:00 PM, yaani saa tisa alasiri kwa saa zetu. Ukilipia kuanzia siku unayofika, utakaa na mabegi kutwa, ingawa hoteli za kifahari hukutunzia mizigo bila shida. Ukitaka kuingia saa mbili asubuhi bila kuomba, lipia usiku uliotangulia, kisha piga simu uwaambie utafika asubuhi, la sivyo watakuhesabu kuwa hukutokea na kufuta siku zote zilizobaki.

Nitapata pointi za hoteli?

Kwa kawaida hapana, na usiku huo hauhesabiwi kwenye daraja lako la uanachama. Anayesafiri kila mwezi kwa kazi apige hesabu hiyo.

## Minada mingine na mambo ya nadra

Mnada halisi wa kupanda dau uko wapi siku hizi?

Wa kwanza ni vocha za hoteli zinazouzwa kwenye tovuti ya mnada ya eBay na katika minada ya hisani ya shule, makanisa na hospitali. eBay unaandika kiwango chako cha juu, mfumo unakupandishia kidogo kidogo mpaka kiwango hicho. Andika kikomo chako mara moja, funga ukurasa. Wanaorudi dakika ya mwisho kuongeza dola tano tano ndio wanaolipa kuliko bei ya hotelini.

Kabla ya dau, soma tarehe zilizozuiwa, mwisho wa vocha, na kama inaweza kuhamishiwa jina lingine. Vocha ya usiku mbili isiyotumika Krismasi, Pasaka wala wikiendi haina thamani kwa mwalimu. Kwa minada ya hisani, wanaolipa kodi Marekani wajue kuwa kinachohesabiwa kama mchango ni kile tu kilichozidi bei halisi ya chumba.

Wa pili ni barua pepe baada ya kuweka nafasi: hoteli inakuambia utaje nyongeza ya kila usiku ili upandishwe hadi chumba cha juu. Plusgrade ya Montréal ni miongoni mwa kampuni zinazoendesha mifumo hiyo. Hii naipenda, kwa sababu jina la hoteli unalijua tayari. Anza na kima cha chini kinachoruhusiwa kama unafika siku isiyo na wageni wengi, na uhakikishe kama nyongeza ni kwa usiku au kwa kukaa kote.

Naweza kupata Zanzibar, Mombasa au Dubai kwa njia hii?

Pwani ya kwetu, mara chache. Kuficha jina kuna maana pale penye hoteli ishirini za kufanana. Ufukwe wenye rizoti tatu za nyota tano, ukitaja bwawa na gati umeshataja jina. Kwetu mnada ni simu: uliza bei ya mkaazi, toa kitambulisho, taja siku za katikati ya wiki, na uende wakati wa masika, Aprili na Mei, ingawa baadhi ya hoteli hufunga kabisa.

Dubai ofa za siri zipo, na joto la Juni hadi Agosti hushusha bei kama Scottsdale. Kumbuka dirham ya utalii, inayolipwa hotelini: dirham 20 kwa chumba kwa usiku kwa nyota tano.

Kuna mtu WhatsApp anauza vyumba vya nyota tano nusu bei. Ni wa kweli?

Mkimbie. Mtindo unaojulikana ni kununua kwa kadi ya wizi. Nafasi inaonekana halali, hata hoteli inaithibitisha, mpaka mwenye kadi atoe taarifa. Siku hiyo wewe ndiye uliye chumbani. Jihadhari vilevile na ujumbe wa "hoteli" unaokutaka uandike tena kadi yako kupitia kiungo. Piga hotelini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Nimefika, wananiambia hoteli imejaa na jina langu lipo. Nifanyeje?

Hoteli huuza zaidi ya vyumba vilivyopo, zikitegemea kuwa wengine hawatatokea, na waliotoka kwenye ofa za siri huwa wa kwanza kuhamishwa. Usiondoke mapokezini. Mwite meneja wa zamu, uombe mambo matatu: hoteli ya hadhi ileile au zaidi, usafiri wa kukufikisha huko, na gharama yote kuwa yao. Hapohapo pigia tovuti uliyonunua, wazungumze na meneja kwa simu yako. Omba karatasi yenye jina la meneja, saa, na hoteli unayopelekwa, na uipige picha kabla hujapanda teksi.